Shahidi wa Pili

9 Januari

Mama Mlezi mpendwa,

Shikamoo. Nimefika. Basi limenivunja viungo vyote, lakini nimefika mzima.

Najua ungependa nipige simu. Nisamehe, simu bado siwezi. Ikilia tu mwili wangu unajiandaa kuitwa. Tuandikiane. Posta iko karibu, barua nazichukua mwenyewe dirishani, hakuna mwingine anayezigusa.

Mama yangu alinishika mashavu akanigeuza huku na huku kama anayechagua nyanya, akasema, "Hoteli gani hiyo inayowalisha wapishi wake upepo?" Wote wakacheka, nami nikacheka nao. Bado wanaamini nilikuwa mpishi wa hoteli ughaibuni miaka yote hiyo. Nitawaambia ukweli, ila si sasa. Kila nikifungua mdomo mama ananiwekea kitu cha kula ndani yake.

Binti yangu ana miaka tisa. Nilimwacha anabebwa mgongoni, sasa anabishana na watu wazima na kuwashinda. Dada amemlea vizuri, sina neno. Dada ndiye anayeitwa "mama". Mimi ni "mama mdogo". Siku niliyofika mtoto alinipa mkono kama anavyompa mwalimu mkuu. Dada alitaka kumsahihisha, nikamkonyeza amwache. Jana alinionyesha daftari lake la hesabu bila kuombwa, nikaenda kulia bafuni kwa furaha.

Kuhusu kesi, usiwe na wasiwasi. Mwezi wa tatu nakuja, nasimama mbele ya hakimu, nasema yote. Bado najiuliza tuliwezaje kumwita "Shangazi" mtu aliyetufungia ndani miaka minne akituuza kwa saa. Akinikodolea macho, nami nitamkodolea. Mwambie Redio hivyo. Mwambie Chumvi amekula yamini.

Redio anaongea? Nyinyi mlimpa jina hilo kwa utani kwa sababu haongei, lakini kule chumbani kwetu alikuwa akiniongelesha mpaka nasinzia. Siri yake ni hii: umweke jikoni, umenye vitunguu, usimtazame. Ataanza mwenyewe.

Wasalimie wote.

Mwanao,
Chumvi

Mama yangu ameonja mboga yangu akasema imezidi chumvi. Kwa hiyo tatizo si ndimi zenu.


22 Januari

Mwanangu Chumvi,

Marahaba. Bwana asifiwe kwa safari yako. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza peke yangu na ya pili kwa sauti mezani. Nilipofika kwenye nyanya walicheka wote, hata yule dada mgeni ambaye tangu aje alikuwa hajacheka.

Nyumba haijambo. Shule ya msingi imeagiza masweta ya kijani kwa darasa zima. Mashine mbili zinafuma, ya tatu imevunjika sindano na fundi anatuzungusha, leo kesho, leo kesho. Redio ndiye anayefuma mikono. Mikono yote inatoka sawasawa, kitu ambacho mimi na ualimu wangu wote sijakiweza.

Nilifanya ulivyoniambia. Nilimenya vitunguu, macho kwenye kisu. Nilimenya vingi kuliko tulivyohitaji. Mwishowe akasema, "Chumvi atakuja?"

Nikamwambia, "Atakuja."

"Una hakika?"

"Nina hakika kama ninavyojua jina langu."

Akachukua kisu cha pili akanisaidia. Usiku ule alilala taa ikiwa imezimwa, mara ya kwanza.

Wakili wa serikali alitutembelea. Ni kijana mwenye haraka, lakini moyo wake ni mzuri. Alinieleza wazi. Yule mama mliyemwita Shangazi ana kibali cha uwakala wa ajira, ana mikataba yenye saini zenu, na ana barua ya sifa njema kutoka kanisani kwao. "Wakiwa wawili wanaosimulia jambo moja," alisema, "hakimu atasikiliza. Akiwa mmoja, tena huyu asiyefungua mdomo, tumekwisha." Kwa hiyo wewe ni nguzo. Nisikutishe, lakini nisikufiche pia.

Wazee wa kanisa, wenye hii nyumba ya hifadhi, nao walikuja. Walizunguka vyumba vyote, wakaupima ua wetu. Hawakusema kitu, lakini nahisi wanataka kutuongezea chumba. Nimeanza kuota jiko lenye dirisha.

Uwe unasali, mwanangu. Siku ukishindwa, kaa kimya tu. Sehemu yako nitaisali mimi.

Mama Mlezi


11 Februari

Mama Mlezi,

Shikamoo. Sisi wazima. Mama yangu kifua kinamsumbua kidogo.

Nina maswali mawili, usiyachukulie vibaya. La kwanza, barua zangu zikifika hapo zinafunguliwa na nani? La pili, tarehe ya kesi inajulikana na watu gani? Nauliza tu.

Siku hizi nampeleka binti yangu shule mwenyewe na kumfuata mwenyewe. Dada anasema namharibu mtoto kwa kumdekeza, kwamba shule yenyewe ni pale tu, ukipiga chafya nyumbani wanaisikia darasani. Sijali.

Je, haiwezekani Redio akasema peke yake, na mimi nikaandika yangu kwenye karatasi nikakutumia? Muulize wakili. Mahakama si zinasoma karatasi kila siku?

Usingizi umenikimbia. Mama yangu anafunga mlango wa chumba kwa ajili ya baridi, naufungua. Anaufunga, naufungua. Jana ameniuliza, "Wewe mtoto, huko hotelini mlilala barazani?" Nikamwambia ndiyo.

Chumvi


20 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako ni fupi kuliko kawaida yako. Nimeigeuza nyuma nikidhani kuna maneno yamebaki huko.

Majibu yako haya hapa. Barua nazifungua mimi, hakuna mwingine. Na tarehe ya kesi, mbona wengi wanaijua, na ni baraka! Kila Jumatano kwenye ibada ya maombi nasimama na kuitaja: tarehe kumi na sita Machi, mahakama ya mjini, binti yetu anasafiri kutoka kwao kuja kusema kweli. Nimewaambia na mji wenu, ili wakuombee na njia yako. Kanisa zima linasimama. Wanakuja mpaka wageni tusiowajua kutoka makanisa mengine, wanashika mikono na kulia. Ungewaona ungepata nguvu.

Karatasi haitoshi, nimeuliza. Wakili anasema karatasi haiulizwi maswali, na upande wa pili lazima wakuulize.

Nimeweka tiketi yako ya basi ndani ya bahasha hii. Nitakupokea stendi mwenyewe, na utalala chumbani kwangu.

Redio anajiandaa. Wakili alikuja kumfundisha namna ya kujibu, akampa mfano wa maswali. Kwa la kwanza alijibu. Kwa la pili akatoka nje, akakaa nyuma ya tangi la maji mpaka tukamfuata na shuka. Baadaye, jikoni, aliniambia, "Mimi nitaanza, lakini nikikwama Chumvi ataendelea. Kule ndivyo tulivyofanya." Nikamuuliza mlifanyaje. Akasema kwamba wanaume wakimaliza na wao kuachwa peke yao, mmoja alianza kusimulia habari za nyumbani kwao, akishindwa mwenzake anaiokota hadithi na kuendelea nayo, hata kama ile nyumba si yake. Ananiambia anajua jiko la mama yako kama amelelewa humo.

Sikulijua hilo, mwanangu. Miaka miwili mko kwangu na sikulijua.

Pole kwa mama. Mpe maji ya moto, umkataze kukaa kwenye upepo.

Mama Mlezi


2 Machi

Mama,

Sitakuja. Usinisubiri stendi.

Nimepata mchumba. Ni mwalimu wa kwaya hapa kwetu, mtu mzima, mpole, mke wake alifariki. Watu wake wameshakuja nyumbani. Akisikia habari za mahakamani na nilikotoka, hakuna ndoa. Na wewe mwenyewe ulitufundisha kwamba ya kale yamepita, tuanze upya. Basi nimeanza upya.

Mwambie Redio nimeugua. Au mwambie unavyoona inafaa.

Nashukuru kwa yote mliyonifanyia.

Chumvi


9 Machi

Binti,

Nimeikalia barua yako siku kadhaa ili nisikuandikie kwa hasira. Haikusaidia, kwa hiyo nakuandikia na hasira yangu hivyohivyo.

Nakumbuka ulivyoletwa na yule askari wa kike, umefungwa kanga ya mtu, huwezi kukaa kwenye kiti. Nilikukanda maji ya moto kwa mikono hii. Sikudai shukrani na sidai leo. Lakini nilidhani tunajenga mtu, kumbe nilikuwa natengeneza bibi harusi.

Ni kweli niliwafundisha kuanza upya. Sikuwafundisha kuanza upya juu ya mgongo wa mwenzako. Redio ana miaka ishirini na mbili. Hana mama wa kumshika mashavu. Hana binti, hana dada, hana mwalimu wa kwaya. Ana wewe tu, nawe umempa kisogo kwa ajili ya shela. Mwanaume anayekupenda kwa sababu hajui, siku akijua itakuwaje? Umejiuliza?

Sijamwambia kwamba hutakuja. Nimeshindwa. Amekufumia sweta kwa nyuzi zilizobaki, mkono mmoja wa kijani na mwingine wa buluu, na anasema utalivaa mahakamani ili akuone kwa mbali. Wewe ungemwambiaje? Nifundishe basi, kwa kuwa umekuwa hodari wa maneno.

Bado wiki moja. Tiketi unayo. Bwana akuguse moyo, maana mimi nimeshindwa kuufikia.

Mama Mlezi


28 Machi

Binti,

Hujanijibu. Nakuandikia ili ujue yaliyotokea, kwa sababu una haki ya kujua, na kwa sababu sina mtu mwingine wa kumweleza.

Kesi ilisikilizwa tarehe kumi na sita kama ilivyopangwa. Asubuhi Redio alinyoosha nguo zake mwenyewe. Njiani aliniuliza kama basi lako limeshafika. Nikasema mabasi siku hizi yanachelewa. Mungu anisamehe.

Alianza vizuri. Sauti ilikuwa ndogo, hakimu akamwomba apaaze, akapaaza. Alieleza mlivyopokelewa uwanja wa ndege kwa maua. Akaeleza chumba, mlango wa chuma, na namna yule mama alivyokuwa akisali nanyi asubuhi kabla ya kuwafungulia wateja. Hilo nalo sikulijua. Aliyasema yote akiwa amekishika kizimba kwa mikono miwili.

Kisha akasimama wakili wa yule mama. Hakufoka. Afadhali angefoka.

"Dada, unasema mlango ulifungwa kwa nje."

"Ndiyo."

"Na mlikuwa mkipelekwa saluni kusukwa. Mlango wa saluni nao ulifungwa kwa nje?"

Redio akatikisa kichwa.

"Ulimwambia msusi kwamba umefungiwa?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Sikujua kama naye si mmoja wao."

Kuna watu walicheka. Wakili akasubiri wamalize.

"Unasema mlikuwa wawili chumbani. Huyo mwenzako yuko wapi leo?"

Akatazama mlangoni. Alitazama muda mrefu sana, mpaka hakimu naye akageuka, mpaka karani akageuka, chumba kizima tukawa tunatazama mlango uliofungwa.

"Anakuja," akasema.

Baada ya hapo hakusema tena neno. Wakili wa serikali alimbembeleza, nami nilimwita kwa jina lake hasa, askari akanikemea. Wiki iliyofuata hakimu alisoma uamuzi: mshtakiwa hana kesi ya kujibu. Yule mama alipopita karibu yangu alinishika mkono akasema, "Bwana asifiwe, mama. Tuendelee kuombeana." Mkono wake ni laini na unanukia sabuni nzuri.

Siku mbili baadaye Redio alimaliza sweta la mwisho la wale watoto, akalikunja. Akafua shuka lake, akalianika. Akasema anakwenda kutupa taka. Ndoo tuliikuta getini. Shuka liko kambani mpaka leo, sijaweza kulianua.

Na nyumba yenyewe inafungwa. Wazee hawakuwa wanapimia chumba kipya. Ua wamemkodisha mtu wa maegesho ya magari, na vyumba vitakuwa stoo. Wanasema huduma hii imeliingiza kanisa mahakamani na kulirudisha na aibu. Tumepewa mpaka mwisho wa mwezi wa nne.

Kama ndoa ni kweli inakuja, nakutakia heri. Nimejaribu kuandika sentensi hiyo mara nyingi.

Mama Mlezi


12 Aprili

Mama,

Shikamoo. Hakuna mwalimu wa kwaya. Hakuna mchumba, hakuna shela. Nilitafuta uongo ambao ungekuchukiza kiasi cha kuacha kuniuliza. Nimekuandikia ukweli huu mara nyingi na kuuchoma jikoni. Sasa haudhuru mtu zaidi ya alivyokwisha kudhurika, basi usome.

Mwanzoni mwa Februari nilirudi kutoka sokoni nikakuta viatu vya mgeni mlangoni. Nikaingia, nikamkuta amekaa kwenye kochi la mama yangu. Yeye. Shangazi. Amekuja na vitambaa vya nguo na keki. Mama yangu amemshika mkono, anamwita "shoga yangu", anamshukuru kwa kumtunza mwanawe ughaibuni. Kwetu alikuwa anapajua tangu zamani, maana ndiye aliyejaza fomu zangu za safari.

Nilisimama na kikapu mkononi. Binti yangu alikuwa amekaa pembeni yake, anakula keki. Yule mama akampapasa kichwa akasema, "Huyu ndiye mwanao? Amekua! Miaka michache tu huyu, nitamtafutia kazi nzuri hotelini kama mama yake."

Na mama yangu, Mama, mama yangu mzazi akasema, "Amina."

Nilimsindikiza mpaka barabarani, ndivyo nilivyoambiwa, nimsindikize mgeni. Tulipofika penye gari lake akaniambia kwa upole, kama anayenipa pole ya msiba: "Nasikia una safari, tarehe kumi na sita. Kanisa zima linakuombea. Hata mimi huwa nakuja Jumatano, nakaa nyuma. Watu wenu wana maombi mazuri." Akanitajia darasa la mtoto, na jina la mwalimu wake, na mlango anaotokea. Akaniambia nikikuandikia habari zake atajua siku ileile, kama alivyojua haya mengine.

Ndiyo maana nilikuuliza barua zinafunguliwa na nani. Jibu lako nililisoma nikiwa bado dirishani posta. Sikulaumu. Ulifanya kwa moyo mweupe. Lakini niliogopa hata kukwambia uache, kwa sababu ungeacha, naye angejua nimesema.

Sijakuambia hili ili unionee huruma, lakini nilipanda lile basi. Jioni ya kuamkia kesi, niliwaaga kwamba naenda kumjulia hali rafiki. Nilikaa kiti cha dirishani. Nilikuwa nimeyapanga maneno yote, naanzia wapi, namalizia wapi, namwachia Redio wapi. Kondakta akaanza kufunga mlango. Nikaona mtoto wangu akitoka getini kesho yake mchana, na mimi sipo. Nikashuka. Dereva alinitukana.

Siku ya kesi nilishinda nje ya uzio wa shule. Mlinzi aliniuliza nina shida gani, nikamwambia nasubiri mtu. Huyo Redio kule alikuwa anasubiri mtu, na mimi huku nasubiri mtu.

Umeandika kwamba alitazama mlangoni. Tangu nisome hilo sili. Mtafute, Mama. Umwambie chochote, umwambie mimi ni mbwa, lakini mtafute.

Chumvi


30 Aprili

Mwanangu,

Nimerudi kukuita mwanangu. Kama jina hilo sasa linakukwaza, niambie.

Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikakaa chini palepale sakafuni, katikati ya maboksi. Ni mimi. Nilisimama kila Jumatano nikamtajia tarehe, nikamtajia mji, naye amekaa nyuma, amejitanda mtandio usoni, akiitikia. Nilimpa mkono mlangoni zaidi ya mara moja, mkono uleule unaonukia sabuni. Nakumbuka nilimwambia, "Karibu tena." Halafu nikakuandikia yale maneno ya tarehe tisa. Yachome. Sina kingine cha kukuomba.

Nyumba imefungwa. Yule dada mgeni amekwenda kwa mjomba wake ambaye nina mashaka naye. Wengine wawili wamechukuliwa na masista wa mji wa pili. Mashine za kufuma zimewekwa stoo ya kanisa, na magari yanalala uani. Mimi nimepanga chumba nyuma ya fundi baiskeli.

Nilikwenda kwa wakili wa serikali na barua yako mkononi. Amehamishiwa kwingine. Aliyekaa mahali pake alinisikiliza vizuri, akaniambia mtu akishaachiwa huru hashtakiwi tena kwa jambo lilelile. Kuhusu vitisho alisema aliyetishwa aripoti polisi kwenu. Nikamuuliza watamlinda vipi mtoto. Akafunga faili.

Nimempata Redio.

Ni mtaa wa nyuma ya maghala, mchana kweupe. Alikuwa amekaa juu ya kreti ya soda mbele ya gesti, amepakwa rangi usoni, miguu ameiweka pamoja kama mtoto wa shule. Aliponiona hakukimbia. Alisema, "Shikamoo, Mama," kama tulivyozoea asubuhi.

Nikamwambia, "Inuka, twende nyumbani."

Akaniuliza, "Nyumbani wapi?" Hakuwa ananikejeli. Alitaka kujua. Chumba changu ukilaza watu wawili mlango haufunguki.

Nikamweleza habari zako. Nikamwambia mtoto alitishwa, na kwamba ulipanda basi ukashuka. Alisikiliza akichezea kifuniko cha chupa. Akasema, "Hata mimi ningeshuka." Halafu baadaye kidogo: "Mwambie nilikaribia kumaliza. Nilibakiza pale pa mwisho tu."

Nilimwambia kwamba namwombea kila siku, kwamba sijaacha na sitaacha. Nilidhani ni neno la faraja, mwanangu. Nimelisema kwa wasichana wengi. Akanitazama usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu nimjue.

"Mama, acha kuniombea," akasema. "Ukiniombea naanza kungoja tena."

Mwanaume alitoka ndani akamwita. Akasimama, akakung'uta sketi, akaniambia niangalie mtaro pale wakati wa kupita kwa sababu ubao umeoza. Akaingia.

Nimekwenda mara tatu tangu siku hiyo. Wanasema amehamishwa, hawajui wapi.

Miaka yote nimekuwa mtu wa kusali. Sasa kila nikipiga magoti jina lake linafika mdomoni nalimeza. Nikimwombea namtesa. Nisipomwombea nimemwacha kama walivyomwacha wote. Wewe na yeye mlilala chumba kimoja. Niambie nifanye nini.

Mama Mlezi


16 Mei

Mama yangu,

Shikamoo. Hukunikwaza. Niite hivyohivyo.

Nimemwambia dada ukweli wote. Niliongea tangu asubuhi mpaka watu wanarudi makazini. Hakunitukana. Alipika, akanipakulia, akanitazama nikila. Kisha akasema yeye na mumewe watahama na mtoto, na hawataniambia wanakwenda wapi. "Ukiwa hujui alipo," akasema, "hata wakikubana huna cha kuwaambia." Nilitafuta kosa kwenye maneno hayo sikuliona. Sijui kama alisema kwa ajili ya usalama tu, au pia hataki mtoto alelewe karibu na mtu kama mimi. Sikumuuliza, naye hakunieleza. Pengine mwenyewe hajui.

Waliondoka Jumamosi. Binti yangu alinipa mkono, akasema, "Kwaheri, mama mdogo." Alipofika kwenye gari akarudi mbio, nikadhani nini, kumbe amesahau chupa yake ya maji.

Mama yangu ameelezwa na dada, na tangu hapo haongei nami. Si kwa hasira. Anakaa anatazama lile kochi. Vitambaa alivyoletewa ameshavishona, na ndiyo nguo zake nzuri alizonazo.

Kwa hiyo sasa ningeweza kusema, Mama. Hakuna tena wa kunitishia naye. Nilikwenda polisi wa hapa, nikasimama kaunta, nikasema yote kwa mpangilio, bila kukwama. Askari aliandika mistari michache akaniuliza kama nina shahidi. Nikamwambia ninaye. Akasema nije naye.

Umeniuliza kuhusu Redio. Nimelifikiria swali lako usiku mwingi kabla ya kuandika. Anasema kweli. Kule ndani, siku mbaya hazikuwa zile unazodhani. Siku mbaya ni zile mtu alipogonga mlango kwa namna ya upole, ukadhani labda huyu ni wa kututoa. Tukaja kukubaliana tusisikilize kabisa mlango. Yeye ndiye aliyenifundisha.

Lakini usimwache. Mwombee, Mama. Ila usimwambie. Ukimwona, msalimie, mpe kitu cha kula, muulize kama amelala. Usimwahidi kitu. Hayo mengine yaseme ukiwa peke yako, kwa sauti ya chini, asisikie hata mwenye chumba cha pili.

Na mimi uniombee hivyohivyo. Usinijulishe.

Chumvi